Miguu Baridi ya Akram

Kila alfajiri Jalia aliteka maji, akafagia ua, kisha akamwangalia mdogo wake Akram kabla ya kwenda shule. Mtoto alikuwa na homa tangu juzi, na dawa alikwisha kunywa. Asubuhi ile Jalia alimgusa miguu harakaharaka, akaikuta baridi. Mama yao, Hadijah, alikuwa ameshafunga mzigo wa samaki wakavu wa kupeleka soko la Ludara.

"Joto yake iko namna gani?" mama aliuliza.

"Imeisha, mama. Iko sawa."

Hakuwa na hakika. Ila alijua akisema bado, angebakizwa nyumbani auguze, na mtihani wa darasa la saba ulikuwa umekaribia. Mama akaenda zake, Akram akabaki na bibi yake asiyeona vizuri.

Shuleni, pale Koboko, mvua ilipiga mabati. Mwalimu Yengi alisema galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, nyingi hukaa pamoja kama ukoo, na kati yake mna gesi yenye joto la kutisha. Gesi hiyo hupoteza joto polepole, lakini ile iliyosongamana katikati hulipoteza upesi zaidi. Basi wanasayansi waliamini kwamba gesi nyingi imeshapoa na kumiminika katikati. Walipopima, gesi baridi waliyoikuta ilikuwa kidogo mno. Palepale katikati palikuwa na shimo jeusi kubwa, na nguvu zake ndizo zilizoipasha gesi moto tena.

"Wangeandika tu kwamba imepoa," mwalimu alisema, "mpaka leo tungekuwa gizani."

Jalia akakumbuka kwamba asubuhi aligusa miguu tu. Tumbo la Akram hakuligusa. Akaomba ruhusa, akakimbia mvuani mpaka nyumbani.

Tumbo lilikuwa likichoma kama sufuria iliyo motoni, na macho ya mtoto yamegeuka. Jirani mwenye bodaboda aliwakimbiza hospitali. Mama alipofika, Jalia alimweleza yote bila kuficha. Mama akampita, akaketi kando ya Akram; afadhali angempiga.

Akram alipona, lakini alirudi nyumbani mgongoni mwa mama, kwa maana miguu haikuwa na nguvu ya kumbeba. Jioni mama aliuchukua mkono wa Jalia, akauweka juu ya tumbo la mtoto.

"Mimi hapana kasirika sababu ya shule," alisema. "Mtihani iko kila mwaka. Akram iko moja tu. Kwanza gusa, halafu sema."

Jalia aliuacha mkono pale mpaka akawa na hakika, ndipo akasema kwamba joto limeisha.