Barua Tatu za Bi Cherehani

"Hivi mama yako anamwandikia nani?"

Swali hilo Bi Cherehani alimuuliza Chiriku asubuhi ya Jumamosi moja, mguu wake ukiwa bado kwenye pedali na pini mbili zimebanwa midomoni. Chiriku alikuwa amesimama kizingitini na furushi la magazeti kwapani, kama kila Jumamosi. Alijibu kwa adabu kwamba mama anawaandikia wasomaji wote.

Bi Cherehani akazitoa pini, akazichomeka kwenye kitambaa, kisha akalirudisha gazeti mikononi mwa mtoto. "Wasomaji wote wasiompenda Bwana Mbao, labda. Nimetia barua tatu kwenye sanduku lenu, mwanangu. Tatu. Iko wapi hata moja?"

Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu kinywa chake hakikujua likizo. Lakini hapo alilipachika gazeti kwapani, akageuka. Alijua barua zilipo.

Akaendelea na mzunguko wake. Kinyozi alimpungia mkono apite. Fundi viatu alitaka kujua kama siku hizi gazeti linapikwa jikoni kwa Mwalimu Mstaafu, na wateja wake wakacheka hadi wakashika mbavu. Hadi jua linakuwa kali, nyumba kumi na tisa zilikuwa zimelikataa gazeti.

Lilikuwa gazeti dogo, karatasi moja kubwa iliyokunjwa mara moja ikawa kurasa nne. Mama yake alilianzisha mwaka aliofiwa na mumewe, na watu wakamwita Mama Gazeti. Hakuwa na chama, wala hakunywa chai ya mgombea yeyote. Kabla ya kuwasha mashine ya kuchapia alisali, akiomba kalamu yake isimdhulumu mtu. Ukurasa wa nne ulikuwa wa wasomaji. Mlangoni palitundikwa sanduku la bati lenye kufuli, na kila barua iliyoingia ilichapishwa kwa zamu yake, kisha ikachomwa kwenye msumari mrefu nyuma ya mlango. Hakuna iliyotupwa. Ufunguo alikuwa nao Chiriku. Kila Alhamisi, akitoka shule, alilifungua sanduku na kuziweka barua mezani.

Tatizo lilianza uchaguzi wa diwani ulipokaribia. Wagombea walikuwa wawili. Mwalimu Mstaafu ndiye aliyemfundisha Chiriku kusoma wakati wenzake walimwita gogo, na mpaka leo alimwazima vitabu. Bwana Mbao, mwenye karakana ya mbao, aliwahi kumpita na lori lake, akamrushia tope sare nzima, akacheka. Basi Alhamisi moja Chiriku akafungua barua, akaona maneno "Mimi ni mtu wa Bwana Mbao," na hakusoma zaidi. Akaificha kwenye boksi la viatu chini ya kitanda. Alhamisi iliyofuata, nyingine. Sasa zilikuwa tisa. Moyoni alijiambia kwamba mama ni mwema kupita kiasi, anawachapishia hata waongo, na mtu akitoa mawe kwenye mchele hajaiba mchele.

Alirudi nyumbani anachemka. Akamsimulia mama yote, kejeli za fundi viatu na magazeti yaliyorudi, na akawaita majirani watu wasio na shukrani. La boksi akalimeza. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho. Kisha akaandika tangazo, akalibandika mlangoni, kwamba mwenye lalamiko aje Jumatano saa kumi.

Walikuja saba, Bi Cherehani, kinyozi na fundi viatu wakiwemo. Wakabanana kwenye benchi na kwenye maboksi ya karatasi, mashine ikiwa katikati yao. Mama Gazeti aliung'oa msumari nyuma ya mlango, akauweka mezani na barua zake zote. Akawaambia kwamba kila barua iliyowahi kuingia nyumba hii ipo hapo, wahesabu wenyewe nani amesemewa na nani amenyimwa. Bi Cherehani akalamba kidole, akazifunua moja baada ya nyingine, bila haraka, kama anayetafuta tundu kwenye nguo. Alipofika chini akainua uso.

"Zangu hazimo."

"Basi hukuzitia, jirani," mama akasema.

"Unaniita mwongo mbele za watu?"

"Nasema ninachokiona. Na nikuambie jingine mbele ya Mungu na mbele ya hawa. Kama barua yako iliingia humu ikapotelea mikononi mwetu, leo hii nafunga mashine, na sitachapa karatasi nyingine."

Chiriku alikuwa amesimama kando ya mashine, akisikia yote. Mama yake, ambaye hakuwahi kumwita mtu mwongo, amemwita mtu mkweli mwongo, na aliyemtia maneno hayo kinywani ni yeye. Akaingia chumbani. Aliporudi alikuwa na boksi la viatu, akaliweka juu ya meza, akakiri kwamba alizificha barua za watu wa Bwana Mbao kwa kusoma mstari wa kwanza tu.

Mama akafungua boksi, akazihesabu, tisa. Akaichukua ya chini kabisa, ya kwanza kufichwa, yenye jina la Bi Cherehani, akaisoma kwa sauti.

"Mimi ni mtu wa Bwana Mbao, na kura yangu ni yake. Lakini namuuliza mbele ya mtaa. Kwa nini vumbi la karakana yake linamwagwa mtaroni, maji yakatuama, watoto wetu wakaugua matumbo? Akijibu nitampigia kura kifua mbele. Asiponijibu, nitajua la kufanya."

Kinyozi akainamisha kichwa. Watoto wake wawili walikuwa wamelazwa mwezi uliopita.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Bi Cherehani akasema taratibu. "Na mimi ndiye mshona nguo."

Mama Gazeti alimgeukia bintiye, akasema kwa sauti ambayo Chiriku hakuwahi kuisikia. "Nani alikupa ruhusa ya kuwachagulia watu cha kusoma? Ulijiona unamsaidia Mwalimu. Umelificha swali ambalo mtaa mzima ulistahili kulisoma wiki tatu zilizopita, na umelificha kwa kusoma mstari mmoja. Mizani ikishaguswa kidole, mwanangu, hata siku ikisema kweli hakuna anayeiamini. Na watu walipotuambia tumepinda, mimi nilikasirika badala ya kutazama."

Chiriku akamwomba Bi Cherehani msamaha, kisha wengine mmoja mmoja. Fundi viatu akasema ni mtoto tu, iandikwe hivyo yaishe. Mama akakataa.

"Sitaandika kwamba mtoto alikosea. Gazeti lina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi. Nilimpa ufunguo, sikumtazama. Ukurasa wa kwanza ungesema kwamba tulizuia barua tisa, na zote tisa zingefuata, neno kwa neno, na Chiriku angezinakili kwa mkono wake. Na sanduku lingefunguliwa kila Alhamisi mbele ya jirani yeyote anayetaka." Akaigeukia mashine. "Ukurasa ungesema hivyo, kama lingekuwepo gazeti. Lakini nimeapa."

Akainama, akauchomoa waya wa mashine ukutani, akaanza kuukunja. Watu wakatazamana, kisha wote wakamtazama Bi Cherehani, maana barua ilikuwa yake.

Bi Cherehani alisimama, akakung'uta nyuzi kwenye sketi yake. Akanyoosha mkono, akaichukua barua yake mezani, akaikunja mara mbili. Alipofika mlangoni alisimama mbele ya sanduku la bati, akaidumbukiza ndani, ikagonga chini kwa sauti iliyosikika chumba kizima. Ilikuwa mara ya nne. "Haijapotea. Alhamisi nitakuja kuona ikitolewa," akasema, kisha akashuka ngazi, akaenda zake.