Sauti Katika Noah ya Leonadi

Flashi aliyoichomeka Leonadi kwenye redio ya Noah yake ya abiria ilikuwa na kwaya tupu, na alizijua zinavyofuatana kama alivyoyajua mashimo ya barabara ya Ulyankulu. Ndiyo maana siku ile wimbo ulipokwisha, na kabla mwingine haujaingia mwanamume akaita taratibu, "Stela," Leonadi alikanyaga breki hadi abiria wakaanza kumsema.

Hakuna aliyeshtuka isipokuwa yeye. Wengine walidhani ni wimbo.

Stela lilikuwa jina la mkewe. Lakini tangu wazae, nani pale mtaani kwao Mtendeni alimwita hivyo? Majirani, muuza mkaa, hata katekista, wote walimwita Mama Advera. Mtu wa kumwita jina tupu, tena kwa upole wa mtu aliyesimama dirishani, alikuwa na lake jambo. Na Leonadi, Mungu amsaidie, alikuwa na wivu wa kuanua kanga ya mkewe kwenye kamba na kuinusa kama ina marashi asiyoyanunua yeye.

Kesho yake sauti iliongeza neno. "Stela, nifungulie."

Damu ikamchemka. Aligeuza gari kwenda sokoni kwa Kasimiri, fundi wa kujaza nyimbo kwenye flashi, kwa kuwa Stela ndiye aliyezoea kuipeleka flashi pale.

"Umeweka sauti gani humu?"

"Si kwaya mlizotaka? Kuna nini, kaka?"

"Usinichezee, Kasimiri. Mke wangu unamwita kwenye gari langu?"

Kasimiri alianza kucheka, alipomwona macho akaacha. Aliichomeka flashi kwenye kompyuta, wakasikiliza wote wawili. Kwaya, kimya kidogo, kwaya. Hapakuwa na mtu. Wakaenda kwenye Noah, wakaichomeka kwenye redio, na wimbo wa kwanza ulipokwisha mtu yule akaita. Kasimiri akaichomoa flashi kwa mkono wake mwenyewe, akabaki ameishika. Kioo cha redio kikaendelea kuandika USB, sekunde zikaendelea kwenda, na sauti ile ile, bila flashi, bila chochote, ikasema karibu zaidi, "Stela, nifungulie. Humu kuna kelele."

"Kaka," Kasimiri alinong'ona huku akirudi nyuma, "gari lako lina jini. Liondoe hapa kwangu."

Jini! Leonadi hakutaka kusikia. Jini lingemjulia wapi mke wake? Ujanja wa mafundi wa simu aliujua, leo hata marehemu wanaweza kumwimbisha. Alirudi nyumbani amenuna, akasimama mlangoni.

"Funga nguo zako. Kesho nakurudisha Ulyankulu kwa shangazi yako."

"Baba Advera, nimekosa nini?"

"Utamsikia mwenyewe njiani."

Stela alilia hadi macho yakavimba. Asubuhi walimwacha mtoto kwa jirani, Stela akapanda kiti cha mbele, begi mapajani, na Leonadi akawasha redio akimwangalia kwa jicho la pembeni ili amwone atakavyobadilika. Walipouacha mji harufu ikaingia, ile ya pamba na dawa ya chumba cha maiti, na ingawa Leonadi alishusha vioo vyote na upepo ukapiga hadi kilemba cha Stela kikafunguka, harufu haikutoka, ilizidi, ikawa kama inapumua nyuma ya shingo zao, na wimbo ukakatika katikati ya ubeti na sauti ikatoka, si kwenye spika za mlangoni tena bali kwenye kiti cha nyuma kabisa ambacho hakikuwa na mtu: "Stela. Nifungulie. Hawanisikii."

Stela hakubadilika rangi kama mwizi aliyekamatwa. Aligeuka nyuma, akakitazama kiti kile kitupu.

"Huyo ni Modesti," alisema. "Huyo ni kaka yangu."

Modesti aliondoka kwao kabla Stela hajaolewa, akarudi akiwa mgonjwa wa kulazwa, akafia hospitali Tabora. Shemeji yake huyo Leonadi alimwona mara moja tu, ndani ya jeneza, alipombeba kwa Noah hii hii. Noah ya Leonadi ndiyo watu wa vijijini waliyoijua kwa kazi hiyo: unang'oa viti, jeneza linakaa.

Shangazi Apolinaria aliwapokea uani. "Shikamoo, shangazi," Leonadi alisema.

"Marahaba. Mbona mmekuja kama mnakimbizwa?"

Walimweleza. Bibi yule akaenda dirishani mwa gari, akasikiliza na rozari mkononi. Aliporudi hakumtazama Stela. Alimtazama Leonadi.

"Siku ile nilikuambia upunguze muziki."

Ndipo akakumbuka. Kwenye ukoo ule, aliyefia mbali habebwi kimya kama gunia. Mtu wa damu yake hukaa upande wa kichwa chake akimwelekeza njia: tunavuka mto, tunakata kona, tumefika, shuka. Shangazi alikuwa akimwambia Modesti maneno hayo njia nzima. Na Leonadi, anayeogopa maiti kuliko nyoka, alijibu kwamba kwaya ni heshima kwa marehemu, akaongeza sauti hadi vioo vikatetemeka.

"Hakunisikia," shangazi alisema. "Tulizika mwili tu, mwenyewe yumo humu. Jini ningelifukuza. Huyu ni mtoto wetu, lazima tumfikishe."

Wakarudi Tabora hadi geti la hospitali, wakageuza. Safari hii redio ilizimwa. Shangazi alikaa nyuma peke yake, akizungumza Kirundi, lugha ya kwao, kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa, na Leonadi aliendesha kwenye ule ukimya alioukimbia miaka yote, jasho likimtiririka, akisikia kila jiwe chini ya tairi na, baada ya kila neno la shangazi, pumzi moja ndefu iliyoitikia. Darajani gari lilikuwa zito, likapanda kwa gia ya kwanza.

Kaburini Leonadi alisimamisha gari. "Modesti, mwanangu, tumefika," shangazi alisema. "Shuka."

Mlango wa ubavuni ukateleza wenyewe ukafunguka. Noah ikainuka kidogo kwenye springi zake. Harufu ikakatika palepale.

Leonadi alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya mkewe. "Mama Advera, nisamehe. Nilikudhania."

"Ulinidhania na nani?"

"Na kaka yako."

Stela alicheka huku analia, akamnyanyua. Flashi waliitupa kwenye shimo la choo cha shangazi, na begi la nguo likarudi garini. Walirudi jua lingali juu, wawili tu, dirisha wazi. Leonadi alikuwa na furaha ya mtu aliyenusurika kuvunja nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe.

Walipokaribia daraja redio ikawaka yenyewe.

Tundu la flashi lilikuwa tupu. Kioo kiliandika USB, sekunde zikaanza kwenda, na hapakuwa na wimbo wowote. Kisha kwenye spika mtoto mdogo, kwa sauti ya usingizi, akauliza:

"Mama, mbona wamemshusha yeye tu?"

Stela alimshika mumewe mkono. "Baba Advera," alinong'ona, "umewahi kubeba maiti ya mtoto kwenye gari hili?"

Leonadi alimkumbuka mama mmoja wa Urambo aliyempakia na jeneza dogo la mwanawe, alivyolia njia nzima, naye Leonadi alivyoongeza sauti ya kwaya ili asimsikie. Akawakumbuka na wale marehemu wengine wote aliowabeba kwa kwaya. Nyuma yao viti vitupu vikaanza kulia, kimoja baada ya kingine, kama vinavyolia abiria wanapojiweka sawa wakikaribia kushuka.