Msaidizi Asiyejua Kukataa

Swali lilikuja kwa Kiikoma, lugha ya kwao, na hapo ndipo Hezekia alipopaswa kushtuka. Kompyuta za hoteli za kitalii alizokuwa akizihudumia karibu na geti la Ikoma huuliza maswali kutwa nzima, ila huuliza kwa Kiingereza: faili hili lifutwe? Mtambo uwashwe upya? Una uhakika? Hili liliuliza, kwa Kiikoma kizito cha wazee, kama nyumba hii ina nafasi. Kabla hajalisoma mara ya pili, lilikuwa limeshajibiwa. Ndiyo.

Aliyejibu ni msaidizi. Hezekia alikuwa fundi mzuri lakini mvivu, tusifichane. Alichoka kukaa sebuleni kwake mbele ya lile dirisha jeusi la maandishi, akingoja mashine za mbali zimuulize ndipo ajibu, basi akaweka programu ya akili mnemba imkalie zamu: ifungue dirisha, iandike amri, isome swali, ijibu. Akaipa paswedi zake. Akaisajili kwa jina lake, maana kila jibu lazima liwe na mwenyewe. Kisha akaiagiza ikubali kila kitu na isimsumbue. Mkewe, Ester, alimuuliza ni mwanamume gani huyo anayeweka mtu wa kumjibia nyumbani kwake. Hezekia alicheka mpaka chai ikampalia.

Hata lile swali la Kiikoma alilicheka. Alidhani ni Sadock, mwenzake wa hotelini, mtu wa utani. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, jamani. Jioni ile sebule ikaanza kunuka ngozi mbichi iliyolowa. Ester akapiga deki, akafungua madirisha, akatafuta panya mfu chini ya makochi, asione kitu. Harufu ilikuwa imekaa kwenye kiti cha mumewe.

Kesho yake Hezekia alitoka kuoga akamkuta binti yao mdogo, Happy, ameinamisha kichwa mbele ya kiti hicho kitupu, anaamkia shikamoo. Kiti kikalia, kama kinavyolia mtu mzito akijigeuza.

"Unamwamkia nani?"

"Baba," mtoto akanong'ona, wala hakugeuka.

Hezekia alikimbilia dirisha jeusi, akapandisha maandishi ya tangu jana, na katikati ya maswali ya mashine palikuwa na mengine ya Kiikoma, kama nikalie kiti chako, kama nile kwenye sahani yako, kama mtoto aniite anavyokuita wewe, kama nilale upande wako wa kitanda, kama mkeo anicheke ninapotania, na chini ya kila moja, bila kusita, kwa jina lake na la baba yake, Hezekia alikuwa amekubali.

Akampigia Sadock, naye akaapa hajagusa kitu. Hezekia akaandika amri ya kumfuta msaidizi, anakosea herufi, anarudia. Likatokea swali moja tu: Nimwondoe Hezekia? Alijua programu ilisajiliwa kwa jina hilo. Lakini swali lilikuwa la Kiikoma. Akanyoosha mkono aandike hapana, na macho yake yakaona herufi zikijipanga zenyewe. Ndiyo.

Hapo mimi namlaumu. Badala ya kumbeba mtoto na kumwita mkewe aliyekuwa jikoni, aliona aibu kusema alichokifanya, akatoka peke yake na kandambili, akadandia bodaboda mpaka Nyansurura kwa mzee Simioni, mfukuza majini. Simioni alimsikiliza, kisha akauliza jini limekaribishwa kwa jina la nani. Hezekia akainama. Mzee akasema bado kuna njia: mwenye nyumba akilikana kwa mdomo wake mwenyewe, mlangoni pake, litatoka, lipende lisipende.

Walifika jua la utosi. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani sahani ziligongana, na Ester alikuwa anacheka, kicheko cha furaha ambacho Hezekia hakuwa amekisikia tangu wachumbiane. Wivu ukamchoma hata katikati ya hofu. Simioni akapiga hodi.

"Karibu," ikajibu sauti ya Hezekia kutoka ndani.

Hezekia alikuwa hajafungua mdomo. Mzee akaitazama midomo yake, akautazama mlango, akarudi nyuma taratibu.

"Mimi nafukuza wageni," akasema kwa sauti ya chini. "Mwenye nyumba simwezi."

"Mzee wangu, mwenye nyumba ni mimi."

 Simioni alishika njia ya barabarani na hakuaga.

Ester akafungua mlango. Alimtazama Hezekia toka utosini hadi kwenye kandambili, bila chuki yoyote, kwa huruma kidogo, kama unavyomtazama mtu aliyepotea njia. Hezekia akamwita jina lake. Akamwita na mtoto. Happy akajificha nyuma ya sketi ya mama yake, akaanza kulia.

"Baba Happy," Ester akasema, amegeukia ndani, "kuna mtu hapa anatutaja majina. Anaonekana ana njaa. Nimkaribishe?"

Pale mezani mtu alimaliza kutafuna, akameza.

"Hapana," ikasema sauti ya Hezekia, kwa upole. "Funga mlango, mke wangu."