Dole Gumba Kwenye Plasta Mbichi

Bisheni mkitaka, mabingwa wa kuguna; rafiki yangu fundi plasta hajui kutunga. Korona iliposimamisha ujenzi wa ghorofa la katikati ya mji, shemeji yake, nyapara, aliapa kwamba kazi ikirudi atamwita yeye kwanza. Juzi rafiki yangu alienda kuchukua mwiko aliouacha juu. Kwenye giza la ngazi akasikia ukuta ukikwanguliwa, kwaruu, kwaruu.

“Kumbe umenizunguka, shemeji,” akasema.

Sauti ikakatika. Chumba kitupu, plasta mbichi. Kila fundi pale hubonyeza dole gumba pembeni mwa ukuta wake, basi akamulika amjue aliyemnyang'anya kazi. Alama ya dole ilikuwa na kovu la msumeno, kama lake. Akaweka lake, likaingia sawasawa.

Haya, kuna kitu nimekiruka. Getini, kabla hajapanda, mlinzi alimwuliza, “Unapanda tena? Mbona sijakuona ukishuka?”