Mfalme Mporaji na Skrubu Nne

Ukuta ulikuwa mtupu. Mchoro mkubwa wa mfalme mshindi aliyeketi akipokea dhahabu ya wenyeji wa mji alioupora, zama hizo za panga na ngome, ulikuwa umeibwa Ijumaa asubuhi, jumba la sanaa likiwa limefungwa.

"Haya! Mporaji naye kaporwa," alisema Inspekta Kwamboka. Alikuwa amestaafu upolisi Kisii, na hapa Doha alikuwa mkuu wa ulinzi tu, ila cheo kilimganda.

Mlinzi Trevor alikuwa akilia. Kadi yake ndiyo iliyozima kengele ya ulinzi saa kumi na mbili.

"Madam, niliiacha mezani nikaenda kuchemsha chai. Naapa!"

"Wacha kuapa. Meneja anaita polisi saa saba. Wakikuta kadi yako tu, utajikuta kwenye ndege ya kurudi kwenu Entebbe."

Kwamboka akachutama. Ukutani, chini kidogo, skrubu nne zilikuwa zimebandikwa kwa utepe, zimepangwa sawasawa. Akacheka peke yake. Mwizi gani huyu wa kutunza skrubu? Hiyo ilikuwa kazi ya mtu anayenuia kurudisha, na fundi mmoja tu pale ndiye aliyekuwa na mazoea hayo.

Gerishon, fundi huyo mtundika picha, alifika mbio akiwa amevaa suti, pamba nyeupe imemganda kidevuni.

"Ulikuwa wapi asubuhi?"

"Kanisani, Inspekta. Si hapa tunasali Ijumaa?"

"Na hiyo pamba?"

Gerishon akaifunika kwa kiganja.

"Trevor anafukuzwa, Gerishon."

"Trevor? Ala! Trevor hajui lolote! Ni mimi! Mimi ndiye niliyechukua kadi. Mchoro uko nje, kwenye gari la kanisa, nimeufunga blanketi. Nilikuwa naurudisha kabla hatujafungua."

"Uliupeleka wapi?"

"Kanisani kwetu, mtaa wa Al Mansoura. Tulikuwa na igizo la Nebukadneza akiteka Yerusalemu. Mwaka jana nyuma yangu tulitundika shuka, watu wakacheka mpaka mchungaji akashindwa kuomba. Nebukadneza ni mimi, Inspekta, na pamba hii ndiyo ndevu zake! Mfalme mzima, nachekwa!"

"Na leo?"

"Leo hakuna aliyecheka. Mama Chelsea, muumini mwenzetu, alivua bangili zake akaniletea kitini, huku analia." Akatia mkono mfukoni. "Hizi hapa. Nimesahau kumrudishia."

Kwamboka aliuma mdomo, lakini wapi, kicheko kilimponyoka.

"Meneja atanifukuza?" Gerishon aliuliza.

"Huenda. Lakini utamweleza mwenyewe, na Trevor akisikia."

Trevor alifuta machozi, akabandua zile skrubu na kumwekea Gerishon kiganjani. "Ukitoka huko tuutundike, Mfalme. Nitakushikia ngazi."

Gerishon akang'oa pamba ya mwisho kidevuni, akatangulia kwa meneja.