Paja Lilivunjika, Pumzi Ndiyo Ikakatika

Nina miaka arobaini na tisa, ndugu zangu wasomaji. Shule niliiacha ningali mtoto, lakini hapa Kasulo, mtaa wa wachimba madini, uliza nyumba ya geti la bluu, utaletwa kwangu. Koleo na jasho langu ndivyo vilivyoijenga. Ndiyo maana nilizoea kuona kwamba najua kila kitu…

Mdogo wangu Kasongo alikuwa akichimba kobalti katika shimo tulilolitoboa chini ya sebule yangu. Asubuhi moja jiwe lilimwangukia, paja likavunjika. Majirani wakasema apelekwe lopitalo, hospitali. Mi nikakataa. Lopitalo watamkata mguu, niliwaambia, na mi namjua mzee anayevuta mifupa, hata mkono wangu aliunyoosha yeye.

Jeep yangu haipiti kati ya mashimo ya Kasulo. Tukampakia Kasongo kwenye pikipiki, dereva mbele, mi nyuma, yeye katikati, mguu unaning'inia na kugongagonga njia nzima. Mzee akauvuta, akaukanda kwa mawese ya moto. Kasongo alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akanitania mimi kaka yake: "Yaya, na we vunjika basi, tulie bawili."

Jioni alikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo aliyopika mke wake, Ngalula. Tukacheka. Nani angejua?

Kesho yake alikuwa akihema kama mtu aliyepanda kutoka shimoni mbio. Aliniita kwa jina la marehemu baba yetu. Vidoa vyekundu, vidogo kama alama za sindano, vilitapakaa kifuani na ndani ya macho. Jana anatania, leo hivi? Nikasema ni sumu. Na chakula alipika nani?

Nilimfukuza Ngalula uani kwangu mbele ya mtaa mzima, nikimwita mchawi. "Mulozi we! Toka mu lupango yangu!"

Alikaza kitenge, akaenda.

Ndipo nikampeleka Kasongo lopitalo, midomo imeshageuka rangi. Munganga, daktari wa pale, mama mmoja mpole, alimwekea hewa, akanivuta pembeni.

"Tata, hapa hakuna sumu. Ni mafuta ya mu mufupa. Mufupa mukubwa ukivunjika yanatoka, yanaingia mu damu, yanafika mu mapafu, yanaziba fasi pumuzi inapita."

"Mafuta gani? Muangalie mwenyewe, mbavu tupu."

"Hata mwembamba iko nayo, tata. Mguu ungefungwa usitikisike, mukamuleta palepale, hatari ingepungua. Sasa vile mulimuvuta, mulimukanda…"

Kasongo alitoa mdomo kwenye maski ya hewa. "Ngalula iko wapi?"

Nikamwambia anakuja. Nilituma watu kila upande, simu yake imezimwa. Kasongo alikata roho akiutazama mlango.

Niliwaeleza majirani ukweli, nyumba kwa nyumba. Waliitikia kwa kichwa, lakini jina la mulozi likabaki palepale nilipolibandika. Baadaye nilisikia Ngalula anauza makala, mkaa wa kupikia, mjini Lubudi. Nikaenda na jeep yangu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi… Aliniuliza moja tu:

"Aliniulizia?"

Nikasema ndiyo. Akarudi ndani, akafunga mlango.

Nawaomba, ndugu zangu. Mtu akivunjika paja, lifungeni kwa mbao, asivutwe, asikandwe, asipakiwe pikipiki. Mbebeni juu ya ubao wa mlango kama hakuna kitanda, mpelekeni lopitalo siku ileile. Akianza kuhema na kuweweseka, msimtafute mchawi. Mi nilimpata wangu haraka sana, na hakuwa yeye.