Wifi Yangu na Ufunguo wa Droo

"Huyu anataka vidonge vya kuzuia mimba, na kaka yangu yuko safarini mwezi mzima!"

Foleni yote ikageuka kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke!

Aliyenianika hivyo ni wifi yangu, dada wa mume wangu kabisa, muuzaji wa duka lile la dawa. Mimi nina mtoto mgongoni, mshono wa upasuaji wa uzazi una miezi mitano tu. Daktari alishaniambia: ukishika mimba sasa unaweza kufa.

Na dawa hizi za dharura, jamani, kila ukichelewa zinapungua nguvu.

"Wifi, nipe dawa. Tutaongea nyumbani."

"Lete cheti cha daktari!"

"Tangazo liko nyuma yako. Linasema haihitaji cheti."

"Ufunguo wa droo ya dawa ninao mimi, hilo tangazo halina!"

Akampigia mume wangu, akaweka spika watu wasikie.

"Kaka, mkeo anakuchezea! Yuko hapa anatafuta dawa za kufuta ushahidi!"

"Ushahidi gani? Juzi nimelala nyumbani. Kondomu ilipasuka, mimi ndiye niliyemwambia awahi dawa."

"Ulirudi bila kupita kwa mama?!"

"Nilikuwa na siku mbili tu! Ningepita kwa mama, mwanangu ningemwona saa ngapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mnadhani basi alinipa?

Thubutu!

"Cheti kwanza," akasema, macho chini.

Nilitoka kwa hasira. Duka la tatu, mtaa wa pili, nikamkuta baba mmoja wa makamo. Akaniuliza imepita muda gani, akanieleza namna ya kumeza, akanipa. Dakika mbili! Sikuulizwa mume yuko wapi.

Nikaapa sitamsemesha yule mwanamke mpaka naingia kaburini.

Sasa sikieni... jana asubuhi simu yangu ikalia. Ujumbe wa wifi.

"Wifi, samahani. Ile dawa ulinunua wapi? Hapa kwetu siwezi kuichukua, wenzangu wataniona..."

Nilicheka kwa uchungu. Vidole viliniwasha nimjibu: LETE CHETI!

Nikaandika, nikafuta. Nilikumbuka nilivyosimama pale, roho mkononi, saa zinakwenda.

Nikamtumia: "Mtaa wa pili, duka la tatu. Nenda sasa hivi. Na ukirudi kazini, fungua hiyo droo."

Ndugu zangu wenye funguo, anayesimama mbele yenu hana muda wa kuhukumiwa. Mpeni dawa!